Tela Nyuma, Watoto Ndani: Iache Barabara ya Iringa Iwachagulie Gari

Mkiwa wawili, safari ni begi moja na tiketi mbili. Wakija watoto, hesabu inabadilika. Hoteli inataka vyumba viwili, mdogo hali chakula cha mgahawani, mkubwa hataki kulala mbali na mama yake, na bili ya siku nne mkiitazama mnajikuta mnaikumbuka ada ya muhula ujao. Ndiyo maana baadhi ya wanandoa wanaanza kulitamani jambo ambalo Waafrika Kusini wamelizoea siku nyingi: tela dogo la kambi. Unalifunga nyuma ya gari. Ndani yake kuna magodoro, jiko, friji na tanki la maji, juu yake kuna hema la kukunjua, na popote mnapofika mna nyumba.

Wazo tamu. Ugomvi unaanza kwenye swali linalofuata: hilo tela livutwe na gari gani?

Baba anasema Prado, maana amekuwa akiiota tangu chuo. Mama anasema Noah, kwa kuwa watoto wanakaa kwa nafasi na bibi naye anapata kiti. Shemeji anayejua magari anasema chukueni RAV4, haina makuu. Fundi wa mtaani yeye anacheka tu: "Gari lolote linavuta, bosi, ni kuchomelea chuma nyuma." Kila mmoja ana hoja yake, lakini hakuna hata mmoja aliyeitaja barabara.

Sasa leo, mpenzi msomaji, tufanye kinyume. Tuichukue barabara moja, ya Dar es Salaam hadi Iringa, kilomita kama 500 hivi, tuipite kipande kwa kipande tukiwa na tela nyuma. Kila kipande kitauliza swali lake, na gari litakalojibu yote ndilo lenu.

Kwanza mizani, gari baadaye

Watu wengi wananunua gari kisha wanatafuta tela. Anzeni na tela. Na msiulize linaonekanaje, ulizeni lina kilo ngapi likiwa limejaa.

Tufanye hesabu ya familia ya watu wanne. Tuseme tela tupu lina kilo 550. Maji lita 80 ni kilo 80, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Jiko na mtungi mdogo wa gesi, kilo 20. Friji na vyakula, 60. Magodoro, hema na mablanketi, 60. Spea tairi, jeki na zana, 40. Viti na meza ya kukunja, 30. Jumla ni kilo 840, na hapo hamjanunua hata kiazi kimoja njiani.

Kumbukeni hiyo 840, kwa sababu kuna namba nyingine ya kuilinganisha nayo. Ulaya na Afrika Kusini, tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750. Likizidi hapo linatakiwa liwe na breki. Sababu inaeleweka: gari lako lilitengenezewa breki za kujisimamisha lenyewe na abiria wake, si za kusimamisha mzigo mwingine unaolisukuma kwa nyuma. Kwa hiyo tela letu la kilo 840 ni la breki, hata kama fundi anasema hazina umuhimu.

Waingereza nao wana kanuni yao kwa anayeanza: tela lililojaa lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa kilo 840, gari liwe na tani moja hivi kwenda juu. Magari karibu yote ya kifamilia yanafaulu mtihani huo, lakini huo ni wa darasa la kwanza tu. Barabara bado haijaanza.

Kutoka jijini: foleni na matuta

Saa mbili za kwanza hazina mandhari. Ni malori, bodaboda, mabasi na matuta mpaka mpite Kibaha. Hapa swali la barabara ni dogo lakini la kuudhi: gari lenu linaweza kusimama na kuondoka mara mia bila kuchemka?

Tela linaongeza kazi kwenye rejeta, kwenye klachi na kwenye giaboksi. Gari la gia za mkono lenye klachi iliyochoka litaanza kunukia moshi kabla ya Mlandizi. Gari la otomatiki linampumzisha dereva mguu, ila oili yake inapata moto, na oili ya giaboksi ikiungua, giaboksi ndiyo basi tena. Kabla ya safari mwagizeni fundi aibadilishe, na kama gari halina kipoozeo cha ziada cha oili hiyo, ulizeni kama kinaweza kufungwa.

Angalieni vilevile vioo vya pembeni. Tela likiwa pana kuliko gari, vioo vya kawaida vinaonyesha ubavu wa tela tu, na bodaboda aliyejificha nyuma humwoni. Vipo vioo vya nyongeza vya kubana, na havina bei ya kutisha.

Pale Chalinze, wa Tanga na Arusha wanakata kulia, ninyi mnanyoosha kwenda Morogoro. Milima ya Uluguru ikianza kuonekana upande wa kushoto, mshusheni mtoto ajinyooshe, na baba au mama azunguke tela zima. Shikeni matairi kwa mkono, na pale kwenye ekseli pia. Tairi moja likiwa la moto kuliko mwenzake, upepo wake ni mdogo. Ekseli ikiwa ya moto kupita kiasi, bearingi inaomba grisi. Dakika tano hizo zinaweza kuwaokoa na usiku wa porini.

Mikumi: tela linapoanza kucheza

Baada ya Morogoro mnaingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo barabara kuu inaikata kwa kilomita kama 50. Mwendo ni 70 kwa saa, na ukigonga mnyama kuna faini. Hapa watoto wanaacha kulalamika wenyewe. Twiga, pundamilia, nyati, na siku ya bahati tembo wanavuka, mnapisha.

Kabla na baada ya hifadhi, barabara inanyooka na mguu unawasha. Basi linawapita kwa kasi, upepo wake unalipiga tela, na ghafla mnahisi mkia wa gari unavutwa kushoto, kulia, kushoto. Tela limeanza kucheza. Dereva asiyejua anakanyaga breki kwa nguvu au anapambana na usukani, na hapo ndipo gari na tela vinajikunja kama panga na mpini.

Dawa ni hii: achia mafuta taratibu, shikilia usukani unyooke, usikanyage breki kwa ghafla, acha mwendo ushuke wenyewe. Kinga ni bora zaidi. Mzigo mzito ukae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe usirundikwe mkiani. Pua ya tela iilalie ndoano ya gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela kwa desturi ya Ulaya. Wamarekani wanapenda 10 hadi 15. Kwa tela letu, asilimia 10 ni kilo 84, sawa na mtu mzima mmoja aliyesimama juu ya bampa. Mizani ya bafuni na kipande cha ubao vinatosha kupima jambo hilo uani kwenu.

Na gari je? Lenye umbali mrefu kati ya tairi za mbele na za nyuma linatulia kuliko fupi. Lenye uzito linatulia kuliko jepesi. Zile gari ndogo fupi za milango mitatu zinapendeza sana kwenye picha za wachumba, lakini hapa zinapelekwa na tela zinakotaka zisikotaka.

Kitonga haina undugu

Mkishapita mji wa Mikumi, barabara inafuata mto Ruaha Mkuu na mnaingia kwenye bonde la mibuyu. Kwa uzuri, kipande hiki hakina mpinzani. Mibuyu kwa mamia, mingine minene kama nyumba, na pale Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa barabarani vinang'aa. Nunueni mkirudi, msijiongezee kilo sasa hivi. Maana mbele yenu kuna Kitonga.

Kwa asiyeijua, Kitonga ni ukuta. Barabara inapanda mlima kwa kona za kujikunja, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, huku malori ya Zambia na Kongo yakipanda kwa mwendo wa kinyonga. Ukiwa nyuma ya lori unatambaa nalo, gia ya kwanza, gia ya pili. Kuovateki na tela kwenye kona zile ni kuwachezea watoto maisha.

Hapa barabara inauliza maswali matatu kwa mpigo.

La kwanza ni la nguvu. Injini ya petroli isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Iringa ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba injini mliyoijaribu Mikocheni mkaisifu, huku juu imebaki na asilimia 85 hivi ya nguvu zake. Injini yenye tabo haiumii sana, kwa kuwa inaisukuma hewa ndani yenyewe. Ndiyo siri ya dizeli yenye tabo kupendwa na wenye matela: inavuta kwa nguvu ikiwa bado inazunguka polepole.

La pili ni la tairi zinazovuta. Noah nyingi zinavutwa na tairi za mbele. Tela likiilalia ndoano kwa nyuma, pua ya gari inainuka kidogo, na tairi za mbele, ambazo ndizo zenye kazi, zinakosa mshiko. Kwenye lami kavu mtapanda. Kwenye lami yenye mvua na dizeli iliyomwagika, au kwenye udongo mwekundu wa kuingia kambini, zitazunguka palepale. Gari linalovutwa na tairi za nyuma au zote nne halina tabu hiyo.

La tatu ni la giaboksi. Magari mengi ya kifamilia ya miaka ya karibuni yana giaboksi ya CVT, ile inayoteleza bila kubadilisha gia. Mjini ni laini kama siagi. Kwenye mlima mrefu na mzigo, joto linapanda, na nyingine zinajipunguzia nguvu zenyewe ili zisiungue. Otomatiki ya kawaida inastahimili zaidi, mradi mzime ile O/D ili isirukeruke kati ya gia mbili.

Na kurudi? Kushuka Kitonga ndiko kunakotisha. Shuka kwa gia ileile ndogo ambayo ungepandia. Breki zikanyagwe kwa vipindi, si kulaliwa mguu mlima mzima, kwa sababu breki iliyoungua haiogopi jina la gari. Kilo 840 zinakusukuma mgongoni, na breki za tela zilizodharauliwa na fundi ndizo zinazoongea hapo.

Iringa yenyewe

Mkiibuka juu, hewa inabadilika. Ilula inawapokea na matenga ya nyanya, baadaye mnafika Ipogolo chini ya mlima, na mji wa Iringa umekaa juu yenu kama umepangwa kwenye rafu. Hapa ndipo tela linalipa deni lake. Mnalifungua kambini, mnakunjua hema, mnaweka chai, kisha mnaliacha hapo na kutembea na gari peke yake, jepesi.

Nendeni Isimila, kilomita kama 20 kutoka mjini, kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na zana za mawe za watu wa kale sana. Nendeni Kalenga mkalione fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Jioni pandeni jiwe la Gangilonga mkatazame jua likizama juu ya mji, na kama mtaonja ulanzi, dereva wa kesho aonje kwa macho.

Juni na Julai baridi yake si mchezo. Mtoto wa Dar aliyezoea feni atalala katikati yenu kwa kupenda kwake. Hapo hamtakumbuka kama mlisafiri kwa gari gani.

Haya, tuchague

Noah na ndugu zake. Kwa mjini, kwa shule, kwa harusi na misiba, hakuna gari linaloipita kwa nafasi. Kwa tela la kilo 840 na Kitonga, hapana. Mama wala asinune. Noah yenye hema na mizigo ndani, bila tela, inafika Iringa vizuri sana.

RAV4, X-Trail, Forester na wa rika lao. RAV4 ya 2005 hadi 2012 ina kilo 1,500 na ushee, na katika masoko kadhaa ya nje ilipewa ruhusa ya kuvuta hadi kilo 1,500 tela likiwa na breki. Karatasi inasema inaweza. Kitonga inasema punguza. Ukiwa na gari la rika hili, chagua tela jepesi, likijaa lisizidi kilo 600 au 650, jaza maji mkifika, wala si Dar. Lenye tairi nne zinazovuta na lisilo na CVT lipewe kipaumbele.

Prado na Hilux ya kabini mbili. Hizi zina chasisi ya kweli chini, na ndoano inafungwa kwenye chuma, si kwenye bati la bodi. Prado ya dizeli iliyoingia mwaka 2009 iliruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,000 barani Ulaya. Tela letu kwake ni mkoba. Lakini mjue mnachonunua. Dizeli yenye tabo iliyotumika inahitaji mafuta safi na fundi anayeijua, nozeli zake ni ghali, na Prado ya petroli ya 2.7 inavuta ila inakunywa. Hilux nayo ni ngumu kama jiwe, lakini kiti cha nyuma kikiwa na watoto watatu kwa kilomita 500, mtasikia malalamiko.

Na gari lolote mtakalochagua, msichomelewe chuma cha kubahatisha. Ndoano iwe imetengenezwa kwa ajili ya gari hilo na ifungwe kwa bolti, pamoja na cheni ya usalama na waya wa taa. Taa za breki na indiketa za tela zisipowaka, trafiki wa kwanza atawaonyesha pa kuegesha. Tela nalo ni chombo cha kusajiliwa, kina namba yake. Iulizeni kampuni ya bima kwa maandishi: tela likiwagonga wengine, nani analipa?

Pesa na mapenzi

Sasa tuseme ukweli ambao muuza magari hatausema. Mtasafiri na tela mara nne kwa mwaka, pengine tano. Siku nyingine zote gari hilo litakuwa kwenye foleni ya kazini. Gari kubwa linanunuliwa mara moja lakini linalipiwa kila Ijumaa pale kituo cha mafuta. Tuseme gari lenu linakwenda kilomita 10 kwa lita. Likivuta tela linaweza kushuka hadi 7. Kwenda Iringa lita 50 zinakuwa 71, na kurudi hivyohivyo. Hizo za safari mtazimudu. Ulizeni zile za kila siku.

Kaeni mezani na karatasi. Marejesho ya mkopo, mafuta, bima, matairi manne makubwa. Kama jumla inakula akiba ya watoto, basi Prado si gari la familia, ni gari la baba. Ipo njia ya katikati: bakini na gari la mjini, na kwa hizo safari nne kodisheni gari lenye nguvu. Au jaribuni kambi ya hema tupu kwanza, muone kama mnaipenda kweli au mlipenda picha tu. Na kama mnakwenda Morogoro au Dodoma, tangu 2024 treni ya SGR inawafikisha bila kushika usukani.

Halafu kuna jambo la nani anaendesha. Nyumba nyingi zinanunua gari la safari ambalo mama hajawahi hata kulijaribu. Baba akiumwa tumbo Mikumi, nani atawafikisha? Gari la familia ni lile ambalo wote wawili mnaweza kuliendesha na tela likiwa nyuma. Mama akae kwenye kiti kabla ya kusainiwa chochote. Anaona vizuri? Mguu unafika? Anajiamini? Kama hapana, tafuteni jingine.

Jifunzeni pia kurudi nyuma, na mjifunze pamoja kwenye uwanja mtupu. Siri yake ni kushika usukani kwa chini. Mkono ukienda kushoto, tela linaenda kushoto. Mkono ukienda kulia, tela linaenda kulia. Anayeongoza nje akae mahali anapoonekana kwenye kioo, na mkubaliane ishara tatu tu: njoo, kata, simama. Kelele hazimo. Ndoa nyingi hazijavunjwa na Kitonga, ila zimetikiswa sana na mtu aliyesimama nyuma ya gari akipiga kelele "njoo, njoo, njoo" mpaka mti ukasema "pwaa".

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kwenda yadi ya magari, tafuteni mizani na mpime mnachotaka kubeba. Mkiijua hiyo namba, nusu ya ugomvi imekwisha, maana mizani haina upande wa mume wala wa mke. Nusu iliyobaki imalizeni kwa chai, polepole, watoto wakishalala.

Safari njema, na mkifika Iringa, msisahau mablanketi.